Kiherehere Atimiza Miaka Thelathini

Leo saa mbili asubuhi Kiherehere ametimiza miaka thelathini. Saa kama hiyo ndipo alipofungwa nambari mara ya kwanza, na bisibisi nilikuwa nimeishika mimi. Kwa sheria ya manispaa, gari likifika umri huo halina tena ruhusa ya kugusa barabara za mji huu. Linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, linakatwa, linapandishwa kwenye mizani. Kwa sheria hiyohiyo, kifungu kinachofuata, gari la umri huo likikubaliwa na chama cha magari ya kale linafungwa bamba dogo la shaba mbele na linaendelea kutembea mpaka litakapochoka lenyewe. Njia ya tatu haipo. Kwa hiyo leo, wanangu, kabla ya chakula cha mchana, gari letu ama litakuwa chuma chakavu ama litakuwa gari la kale, na mwenye kuamua ni mkaguzi wa chama, yule mama wa ovaroli ya bluu ambaye miguu yake mnaiona huko chini uani imetokeza chini ya bampa.

Sogeeni basi. Dalali, mwanangu, kaa hapa kitandani, na hiyo simu yako ya wateja izime sauti. Brashi, simama hapohapo mlangoni kama ulivyozoea, ila usinizibie dirisha. Simu yangu nimeiweka kwenye kizingiti cha dirisha na inarekodi kila ninachosema, maana nawajua: kesho kutwa mmoja atasema Mama alisema hivi, na mwenzake atasema hakusema. Mtarudi hapa mtasikiliza. Daktari kasema nisiongee sana. Hakusema nisiongee kabisa, na hata angesema, kwa leo angenikosa.

Yale mepesi kwanza. Nyumba ni yenu wawili, juu na chini, na asitokee wa kumwambia mwenzake hapa ni kwangu. Gereji isijengewe ukuta katikati. Mmoja wenu ameshaipima kwa miguu, na simtaji kwa sababu ameshainamisha kichwa. Kabati la vyombo achukue Dalali, ila kwanza atoe mota ya waipa iliyo nyuma ya sahani za wageni. Kitanda hiki achukue Brashi, na akikivuta atakuta chini yake rimu nne na usukani wa kwanza, vimefungwa kwenye shuka. Marehemu baba yenu alilala juu ya rimu hizo miaka yote ya ndoa yetu, na lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba pampu ya mafuta niliyoihifadhi kwenye droo ilikuwa inazipa soksi zake harufu ya petroli. Kila kilichotolewa kwenye lile gari kikawekwa kingine, cha zamani nilikitunza. Majirani walisema naokota takataka. Waacheni.

Sasa nisikieni habari ya gari lenyewe, kwa sababu mmelikuta tu nyumbani, kama mlivyonikuta mimi, na mtu hulinda vizuri zaidi kitu anachojua kilikotoka.

Nilikuwa dereva wa gazeti. Watu wakisikia hivyo hudhani nilikuwa nasambaza magazeti. Nilikuwa nabeba picha. Enzi zile picha ilikuwa kitu cha kushika mkononi: mpigapicha anapiga uwanjani, anatoa filamu kwenye kamera, na filamu hiyo lazima ifike chumba cha giza, isafishwe, ichapwe, kabla mtambo haujaanza kuzunguka toleo la jioni. Gazeti pinzani lilikuwa na pikipiki. Mwenye gazeti letu, mtu wa mashauzi, akasema kama wao wana pikipiki sisi tutakuwa na gari la mbio. Akaagiza gari la viti viwili, la manjano, la chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na mbwa macho kwa macho.

Madereva wanaume waligombania ufunguo mpaka wakakaribia kushikana mashati. Mwenye gazeti akasema kila anayeutaka aende uwanjani na kurudi ofisini saa ya msongamano, na atakayewahi ndiye. Mimi nilikuwa nampeleka keshia benki na kumrudisha. Nikasema na mimi nimo. Wakacheka mpaka wakaegemea ukuta. Nikawahi kurudi kuliko wote, na wala sikukimbiza gari: keshia wangu alikuwa hapendi foleni, na kwa ajili yake nilishajua kila uchochoro wa mji huu ambao gari linaweza kupenya. Wakatafuta sababu, wakakosa. Nikakabidhiwa ufunguo.

Jina alilitoa mlinzi wa getini. Alisema hili gari hata likiwa limesimama linanguruma kama mtu anayetaka kukatiza mwenzake maneno. Gari lina kiherehere. Basi, likamganda.

Ngojeni. Amefungua boneti. Anamulika tochi nambari ya injini. Anaisoma kwa kidole. Ni yenyewe, mama, soma tu. Injini ni ileile, sijawahi kuibadilisha, mimi nimefunguliwa hospitali mara nyingi kuliko ilivyofunguliwa yenyewe. Mmeona? Ametikisa kichwa kukubali. Ameandika.

Naendelea. Ilikuja siku ya fainali ya kombe, mvua imeanza tangu mapumziko. Mpigapicha wetu, Flashi, huyo jirani mnayemjua, alipata picha ya goli pekee lililofungwa. Alikuja anakimbia na filamu ameibana kwapani chini ya shati isilowe, akaingia, akasema, "Dada, endesha kama umeiba." Nikaendesha. Barabara kuu ilikuwa mto. Nikakatia sokoni, katikati ya mikokoteni, na wabeba mizigo wakatupisha huku wanashangilia bila kujua wanashangilia nini. Pikipiki ya wenzetu tuliikuta imezama matope, mwenyewe anaisukuma. Flashi akampungia mkono. Tulifika mtambo umeshawashwa, na msimamizi wake akauzima, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa ajili ya mtu yeyote, hata mwenye gazeti. Jioni ile mji mzima ulishika picha yetu: kipa yuko hewani, matope mdomoni, mpira umeshampita. Gazeti pinzani lilitoka na picha ya mwavuli.

Asubuhi yake mchoraji wa mabango alikuja na kopo la rangi nyeusi, akapiga magoti mbele ya mlango wa abiria, akaandika kwa mkono, bila rula: PICHA ZA LEO.

Baadaye zikaja kamera zisizotaka filamu, na picha ikawa inafika ofisini kabla mpigapicha hajafuta jasho. Gari la kukimbiza picha likabaki halina cha kukimbiza. Gazeti lilipofungwa, mwenyewe aliniita akanikabidhi kadi ya gari. Hapo ndipo tulipokosana na Flashi. Alisema gari ni la picha, picha ni zake, kwa hiyo gari ni lake. Mara ya kwanza tulicheka wote. Mara ya pili nilicheka peke yangu. Tangu hapo hatujasalimiana, na tunaishi ukuta kwa ukuta. Nitarudi kwake.

Sasa hili ndilo nililowaitia. Gari likiwa jipya kila mtu ni rafiki yake. Likitumika kidogo, watu wanauliza kama unaliuza. Halafu linafika umri ambao hakuna anayeuliza chochote. Rangi imepauka, kioo kinapanda kikitaka, na muuza vipuri anakutazama kama umemwuliza habari za babu yake. Hapo gari si jipya na wala si la kale. Ni kuukuu tu. Kati ya kuukuu na la kale kuna miaka mingi ya kuchekwa, na magari karibu yote huishia hapo. Hayaishii hapo kwa kuharibika. Yanaishia hapo kwa sababu mwenyewe ameona haya.

Na nyinyi mliona haya. Dalali, ulikuwa unaniambia nikushushe nyuma ya shule, eti unataka kunyoosha miguu. Na kwa kuwa viti ni viwili ulikuwa umepakatwa na kaka yako, kwa hiyo kusema kweli miguu ilihitaji kunyooshwa. Vijana wa kuosha magari walikuwa wananiuliza, "Mama, tuoshe au tuzike?" Nawajibu osheni, kwenye maziko nitawaalika. Nikaendelea kwenda na Kiherehere sokoni, kazini kwa baba yenu, hospitali kupokea mjukuu baada ya mjukuu, kila mahali.

Kisha kitu kikageuka, na siwezi kuwaambia kiligeuka lini. Nilikuwa kituo cha mafuta. Kijana akashuka kwenye gari jipya lenye skrini kubwa kama ya sebuleni, akaja akainama mbele ya Kiherehere. Nikajiandaa kwa mzaha. Akasema, "Samahani mama, naomba uwashe nisikie." Nikawasha. Yule kijana akafumba macho. Gari lilikuwa lilelile, limepauka vilevile. Watu ndio waliokuwa wamebadilika. Siku ile niliendesha mpaka nyumbani ninaimba, na baba yenu akaniuliza nimekunywa nini.

Anaita. Anauliza habari za usukani. Anasema uliofungwa si wa kiwandani. Dalali, vuta shuka hapo chini ya kitanda, mpelekee na rimu moja aione. Taratibu, shika kwa mikono miwili. Takataka za majirani hizo, zinashuka ngazi! Mtazame anavyoupokea, ameuweka kifuani kama amepewa mtoto. Ameandika tena. Brashi, mbona hucheki? Tunashinda, mwanangu. Ongeza maji kwenye glasi hii, midomo inanikauka.

Sasa anazunguka upande wa pili, ule wa ukutani ambao kutoka hapa siuoni. Amesimama kwenye mlango wa abiria. Bado amesimama. Ameinama, amevaa miwani. Brashi, kwa nini unatazama sakafu?

Mmemsikia. Narudia kwa ajili ya simu. Amesema, "Mama, gari hili lina miaka thelathini. Mlango huu una wiki mbili."

Wiki mbili ndizo nilizolala hospitali. Umefanya nini, Brashi? Sema, sikasiriki. Nakasirika, lakini sema. Unasema ulitaka nikirudi nilikute kama lilivyotoka kiwandani. Unasema yale maandishi ya mkono yalilifanya lionekane gari la kusambaza mikate, ukaogopa watalikataa. Ulianza na mlango huo ili ukipendeza umalizie mwili mzima. Mwanangu, ulikuwa unaniandalia zawadi, naiona, na zawadi hiyo ndiyo itakayolipeleka gari kwenye mizani.

Kimya, anasema tena. "Kiwanda kilitoa magari mengi kama hili," anasema. "Lililofanya kazi ya kukimbiza picha naambiwa ni hili moja, na ushahidi ulikuwa kwenye mlango. Mimi nisichokiona sikisaini." Anasema anamalizia kukagua ndani, viti na dashibodi, halafu atautazama mlango mara ya mwisho na kuandika uamuzi. Mama huyu ana roho nzuri. Ametupa muda bila kusema ametupa muda.

Brashi. Njoo hapa karibu. Nijibu neno moja tu. Kabla ya kupuliza rangi, ulipiga msasa?

Nijibu. Kama ulipiga msasa, maandishi yameshakuwa vumbi na tumalize habari. Ulipiga, au hukupiga?

Hukupiga! Dalali, panda juu upesi uje usikie! Rudia kwa sauti. Anasema alishika msasa mkononi, akayatazama yale maandishi, mkono ukagoma, akapuliza rangi juu yake hivyohivyo. Kaka yako, Dalali, fundi wa rangi, mtu anayefukuza vibarua kwa kosa hilohilo, amepuliza rangi juu ya mlango usiopigwa msasa, mlango ambao mama yake ameupaka nta kila Jumamosi tangu kabla hajamzaa yeye! Ni kazi mbovu kuliko zote ulizowahi kufanya, mwanangu, na Mungu akubariki kwa ubovu wake. Rangi ile haijashika chochote. Imelala tu juu ya nta kama malai juu ya maziwa. Shuka! Usiguse thina ya kuyeyushia rangi, italamba na maandishi. Anza pembeni kwa kucha, ukipata ncha tumia utepe wa karatasi, bandika na uvute. Na mwombeni mkaguzi mligeuze gari, nataka kuona. Mbio!

Dalali, umeshuka na kupanda, sasa tulia nami huku kaka yako na mkaguzi wanasukuma. Nipe mto mmoja mgongoni. Hivyo.

Mtazame ndugu yako. Yuko magotini palepale alipopiga magoti mchoraji wa mabango. Nilichotaka kuwaambia kuhusu ukarabati kiko mbele ya macho yako. Kinachovuja kizibwe, kilichokatika kiungwe, breki zisisubiri hata siku moja. Lakini alama ya kazi msiifute. Mkwaruzo wa sokoni uacheni. Kiti cha abiria kimebonyea upande mmoja kwa sababu Flashi alikuwa anakaa kwa kuegemea mlango. Msikishindilie sponji mpya. Ukikifanya kiwe kipya umekirudisha mwanzo, na mwanzo kila gari linao.

Nani huyo anachungulia juu ya ukuta? Si yeye? Ni Flashi, amepanda kitu, anatetemeka na kofia yake. Sikia anavyopayuka. "Wewe dereva! Nilidhani umekufa, kumbe ni kelele tu!" Dalali, fungua dirisha lote. Wewe mpiga picha za mwavuli! Shuka huko kabla hujavunjika kiuno! Anacheka. Anasema mwavuli ulikuwa wa wale wengine. Najua ni wa wale wengine! Anamwambia Brashi asivute kwa haraka, avute sambamba na mlango, polepole, kama anatoa filamu kwenye kopo. Na Brashi anamtii.

Ee, kumbe tunaweza kuongea. Dalali, ugomvi ule msiurithi. Uwe wa kwetu wawili na uishe na sisi wawili, na ikiwezekana uishe leo. Akitaka kupanda, kile kiti kilichobonyea ni chake, asiombwe nauli wala shukrani.

Simu yako inatikisika. Ni yule tajiri, siyo? Mwenye ukumbi wa vioo. Usinifiche, Brashi aliniambia. Gari likikataliwa, hataki kulisikia, na likipata bamba leo hii hii atalituma lori la kulibeba. Atalipandisha kwenye zulia, atafunga kamba kulizunguka, na hakuna atakayelisikia tena likinguruma. Wewe ni mwanangu na kazi yako ni kuuza magari, sikulaumu kwa kupokea simu ya mteja. Ila sikia ninavyoamua, na simu yangu inasikia pia. Gari ni lenu wawili. Mmoja hawezi kuuza bila mwenzake. Ufunguo na usukani nakupa wewe, kwa sababu wewe unaendesha kama mimi na kaka yako anaendesha kama amebeba mayai. Mwili wa gari, chuma na rangi, nampa yeye, na baada ya leo sina wasiwasi kwamba atapuliza kitu bila kuuliza. Kama siku moja mtaafikiana kuuza, uzeni, lakini kwa mtu atakayeliendesha kwenye mvua. Tajiri wa vioo hapana. Kuliko kumwuzia yeye, heri wale wa chuma chakavu walichukue, angalau wao wanakiri kwamba wanalikata.

Yesu na Maria, tazama! Herufi! Imetoka P!

Imetoka nzima. Vuta, Brashi, vuta! I hiyo. C, ina ule mkia wake. Dalali, nishike nisimame. Nishike tu, nitakaa. H na A. Flashi anapiga makofi huko juu, ataanguka mzee yule. Ngozi yote inatoka kwa mkupuo, kama ganda la yai la kuchemsha. Za Leo! Picha za Leo! Yapo yote, hata tone la rangi lililomdondoka mchoraji chini ya O, lipo! Habari gani hii! Fundi wangu mbovu! Nikalishe. Pumzi. Subiri.

Subiri kidogo.

Sawa. Mkaguzi ametoka ndani ya gari. Amechuchumaa mlangoni. Anapitisha kidole juu ya herufi, kwa mgongo wa kucha. Anamulika tochi kwa pembeni. Anamwuliza Brashi kitu, Brashi anatikisa kichwa kukataa, anamwonyesha Flashi juu ya ukuta. Flashi anaongea. Flashi anaongea mno. Amefanya hivi kwa mkono, hivi, kama filamu iko kwapani: anamsimulia ile fainali. Mkaguzi anacheka. Anarudi kwenye begi lake. Dalali, macho yangu yanaanza utani, niambie wewe anatoa nini.

Bamba! Bamba la shaba! Si nilisema! Pigeni kelele, mji mzima usikie! Brashi amekaa chini kwenye zege analia kama mtoto. Mwache, ni machozi mazuri hayo. Mkaguzi amemkabidhi bisibisi afunge mwenyewe. Kiherehere ni gari la kale. Saa ngapi? Iwekwe kwenye rekodi: saa tano na nusu, limekubaliwa.

Unapiga simu? Kwa nani? Piga, mimi natazama nje. Nasikia lakini. Umemwambia haliuzwi. Umemwambia mwenye gari yuko hai na ana hasira. Eti anauliza atakapokuwa hayupo? Umemjibu atakapokuwa hayupo mwenye gari atakuwa wewe, na una hasira zaidi. Njoo nikukumbatie. Njoo. Dalali gani wewe unayefukuza wateja.

Mwite kaka yako apande. Nayamaliza, kwa sababu sauti inanikimbia, mnaisikia.

Mpo wote. Brashi, mikono yako ina rangi, nipe hivyohivyo. Mliwashe kila wiki hata kama hamna pa kwenda. Mlipeleke sokoni, mlipeleke mazoezini kwa watoto, mtu akiomba kulisikia mpeni asikie. Msilifunike turubai mchana. Siku yangu ikifika, msiliweke kwenye msafara: ule mwendo wa pole utalichemsha injini na mtaaibika mbele za watu. Litangulie peke yake, mwendo wake, liwasubiri huko. Nguo zangu wapeni wenye kuzihitaji. Rekodi hii msiifute.

Nawaombea kazi isiyowachosha roho, na watu wa kuwatania mkizeeka. Nawaombea msikose sababu ya kurudi nyumbani. Mungu awape macho ya kuona kitu kizuri wakati wengine bado wanakicheka. Nimeridhika nanyi, wote wawili, sawasawa, asitokee wa kudai amependwa zaidi. Semeni amina. Haya.

Sasa nendeni. Ndiyo, sasa hivi, barabarani, mimi nataka kuona. Siko peke yangu, mkaguzi anakuja kukaa nami, anataka chai na hadithi. Nendeni wote. Mpite njia panda, mzunguke, mrudi. Mimi nitabaki naisemea simu, mtasikia mkirudi.

Wameshuka.

Dalali ameingia. Brashi ameingia. Amewaka. Msikie huyo, wanangu, mkisikiliza hii rekodi ongezeni sauti hapa.

Flashi amekuja kufungua geti. Hakuna aliyemwomba. Amesimama pembeni, ameshika kofia kifuani.

Wametoka. Wamepinda kulia. Nawaona bado, njano yake inaonekana mbali.

Pale njia panda kuna trafiki. Amenyoosha mkono. Amewasimamisha.

Anatembea kwenda mbele ya gari. Anazitazama nambari. Ameinama. Anasoma bamba.

Pumzi... subiri.

Amesimama wima. Amesogea pembeni.

Amewaruhusu. Limepita.